Risasi za risasi kuwindia na bastola: nichukue kalibu gani, na iwe ngumu au laini?

Kijiti wa Texas
Wakuu salaam. Niko Texas mwaka wa tisa sasa, nina rivolva ya 44 Magnum mtutu inchi 6 na nusu, na hii miaka miwili nimekuwa nawinda nguruwe pori kwenye shamba la jamaa mmoja tunasali naye. Huku nguruwe hana msimu, wanafukua mashamba usiku kucha, na tangu Septemba 2019 ukiwa kwenye shamba la mtu na mwenyewe kakuruhusu hata leseni ya uwindaji huulizwi kwa nguruwe.

Shida ni hela. Risasi za dukani zimepanda nikaona nimimine mwenyewe. Nikanunua kalibu, yaani chombo cha kumiminia, ya kampuni ya Lee ya aluminiamu, ya vishimo viwili, risasi yenye uzito wa greini 240, nikapewa ndoo ya zile risasi ndogo za kubalansi tairi na fundi mmoja wa matairi hapa mtaani, nikayeyusha. Zinatoka zinang'aa kama shilingi mpya. Sasa nikipiga 30 tu mtutu ndani umepakwa risasi utadhani mtu kapiga lipu, na shabaha inakufa, ya kwanza inagonga chungwa ya ishirini inagonga gunia.

Ni kalibu mbaya, ni madini laini au ni mimi? Mzungu mmoja dukani kaniambia niongeze ugumu, mwenzake hapo hapo kaunta kaniambia nipunguze. Nataka kununua kalibu moja tu ya maana basi, maana mama watoto ameshaanza kuuliza ile sufuria nzito ilienda wapi.

Dogo Janja Mbagala
Risasi za risasi? Mkuu umeanza kigugumizi lini? Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

BintiMrima
@Dogo Janja hajakosea huyo. Risasi ni madini kwanza, limetoka kwa Waarabu, rasasi. Kinachotoka kwenye bunduki kimepewa jina la madini yake. Babu yangu Tanga akisema "niletee risasi" alikuwa anataka chubwi ya mshipi, polisi hawahusiki. Ila kwa uzi huu madini tuyaite ledi tu, la sivyo tutapotezana.

Fundi Geji
Mkuu Kijiti, mimi ni machinisti huku Wisconsin na kumimina nimeanza 2011. Usinunue kitu na usiongeze ugumu. Pima kwanza.

Rivolva si bunduki ya kawaida, risasi inatoka kwenye silinda, inapita kwenye koo ya chemba, inaruka kanafasi kadogo ndio inaingia mtutuni. Koo ziko sita na kila moja ina ukubwa wake. Kama koo ni inchi 0.431 na risasi yako ni 0.429, gesi ya moto inapita pembeni ya risasi kama maji yanapita pembeni ya mlango uliooza, inaichoma, inailamba na kuipaka kwenye mtutu. Hapo uweke ledi ngumu kama jiwe bado itapaka. Chukua kipande cha ledi laini, kipake mafuta, kipitishe kwenye kila koo kwa kijiti cha mbao (si wewe Kijiti), halafu pima kwa maikromita. Si kalipa ya plastiki. MAIKROMITA. Ukimaliza pima na risasi zako. Uliza baada ya hapo.

Mhehe wa Idaho
Fundi anaongea kama mashine zake. Mimi miaka 14 hapa milimani nimepiga dia na elk, wale kulungu wa huku, kwa ledi na sijawahi kupima koo hata ya kuku. Ugumu ndio dawa. Zile za tairi ukizipima Brinell, kipimo cha ugumu, unapata 11 au 12, kwa mwendo wa 44 Magnum hiyo ni ugali. Ninachofanya: ikitoka kwenye kalibu naidondosha moja kwa moja kwenye ndoo ya maji, chini nimeweka taulo isigongane. Ile antimoni na kale kaarseniki kilichomo kwenye ledi ya tairi vinaifanya igande ngumu maradufu. Acha wiki kwanza, usipige kesho yake. Gharama yake ndoo ya maji.

Fundi Geji
Maji karibu na sufuria ya ledi iliyoyeyuka. Haya.

Mhehe wa Idaho
Ndoo iko chini, hatua mbili kutoka jiko, mimi si mtoto.

Msukuma Original
Ndoo ngoja niwasimulie. Mwaka juzi nilichukua mche wa ledi uliokaa nje kwenye baraza, haukuwa na unyevu wa kuonekana, nikautumbukiza kwenye sufuria iliyoyeyuka tayari. Sijui tone la maji lilikuwa limejificha kwenye ufa au vipi. Pu! Nusu ya sufuria ikaruka darini. Mpaka leo kwenye dari ya gereji kuna nyota za fedha, mtoto wangu anaziita Kilimia. Mimi nilikuwa na miwani na mikono mirefu, nikaungua shingoni tu pale kola inapoishia, kovu lipo. Siku hizi mche mpya unaanza kwenye sufuria BARIDI, unapashwa nayo pamoja.

Kalifonia Baridi
Mnajisumbua. Huku California tangu Julai 1, 2019 kuwinda kwa ledi ni marufuku mnyama yeyote, kwa ajili ya yule tai mkubwa wao kondo, anakula utumbo ulioachwa porini wenye chembe za ledi anakufa. Sisi ni shaba tu. Bei yake usiulize.

Mhehe wa Idaho
Hama California.

Pwani Mchanga
Mimi sina bunduki wala sitaki, ila nina swali la kizushi. Hiyo risasi inatakiwa IPENYE au IPASUKE? Maana kwenye sinema mnyama anarushwa.

Mzee Gobori
Sinema ni sinema kijana. Mimi nimekulia Tabora, marehemu baba alikuwa na gobori, anashindilia baruti kwa mbele, tambara, halafu chochote, goroli ya beringi, kipande cha nondo, ledi ya betri akipata. Mnyama harushwi. Anashtuka, anakimbia, unafuata damu. Siku nyingine mnafuata mpaka jioni mnarudi na kuni.

Kwa bastola hadithi ni ile ile, mwendo ni mdogo ukilinganisha na raifo, kwa hiyo huwezi kutegemea risasi ichanue kama ua. Unataka itoboe tundu pana iingie huku itokee kule, damu imwagike pande mbili. Ndio maana hawa wenzetu wanapenda pua bapa. Iliyochongoka inateleza, nyama inajifunga nyuma yake. Bapa inakata.

Fundi Geji
Mzee kasema vizuri kuliko sisi. Tukiacha ugomvi wa ugumu, kwenye kalibu zenyewe kuna kambi mbili. Ya kwanza ni wafuasi wa Elmer Keith, mchunga ng'ombe wa Idaho, yeye alichora ile SWC (semi-wadcutter) ya kampuni ya kalibu ya Lyman namba 429421, kama greini 250 hivi, ina bega kali na pua bapa ya wastani. Hiyo ndiyo aliipiga miaka mingi kwenye 44 Special kwa mwendo wa futi kama 1,200 kwa sekunde kabla hajatengeneza 44 Magnum. Ya pili ni wale wa pua pana kabisa, greini 280 mpaka 300, karibu mdomo wote wa risasi ni bapa. Inagonga vibaya sana kwa karibu lakini ukivuka yadi 75 baadhi zinaanza kuyumba, na teke lake utalisikia mpaka kwenye meno.

Mhehe wa Idaho
Sahihisho: Keith hakutengeneza 44 Magnum. Alipiga kelele miaka na miaka, waliotengeneza ni Remington upande wa risasi na Smith & Wesson upande wa bastola, 1955. Na mzee huyo huyo ndiye alisimulia kampiga dia aliyejeruhiwa kwa bastola yadi 600, kwa hiyo mpunguze chumvi kidogo kwenye kila kitu chake.

Fundi Geji
Sawa, nakubali hilo la 1955. La yadi 600 mimi namwamini.

Mhehe wa Idaho
Wewe unaamini na maikromita.

Buda wa Columbus
Niaje wadau. Mimi ni Mkenya, kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977 hata sijazaliwa, kwa hivyo nyinyi mkiongea hivi nahisi kama nasoma hadithi za babu. Niko Ohio na visa ya masomo, naruhusiwa kushika hii kitu ama nitajipata kwa ndege ya kurudi JKIA?

Kijiti wa Texas
@Buda sheria ya serikali kuu inakataza mwenye visa ya muda kumiliki bunduki au hata risasi, ila kuna mwanya ukiwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye grini kadi hahitaji huo mwanya. Lakini usichukue neno langu mimi mmimina ledi, ona wakili wa uhamiaji kabla hujashika hata ganda.

Buda wa Columbus
Asante boss. Wacha nibaki na samaki.

Nesi wa Zamu
Samahani nawakatisha. Mnayeyushia wapi hii ledi? Kijiti umetaja sufuria ya mama watoto. Nimefanya kazi kliniki ya watoto huku Minnesota, tunapima ledi kwenye damu. Tangu 2021 CDC, idara ya afya ya Marekani, wanaanza kufuatilia mtoto akifika maikrogramu 3.5 kwa desilita, kabla ilikuwa 5. Hiyo ni kidogo sana jamani, vumbi la nguo linatosha. Uchafu wa juu ya sufuria ule unaoukwangua ndio mbaya kuliko moshi. Nguo zifuliwe peke yake, viatu viachwe nje, msile wala kuvuta sigara mkimimina, na hiyo sufuria isirudi jikoni milele na milele.

Kijiti wa Texas
Haijarudi dada. Nimemnunulia mpya mbili. Nayeyushia nje chini ya mti, upepo mgongoni.

Buda wa Columbus
Nesi ako right. Mombasa pale Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri katikati ya nyumba za watu, watoto wakaharibika, 2020 korti ikasema walipwe bilioni 1.3. Hiyo ni ledi tu mnayocheza nayo.

Msukuma Original
Ndiyo na ndiyo maana BETRI ZA GARI MSIGUSE. @Mzee Gobori wa zamani walifanya, sisi tusifanye. Mbali na asidi, sahani zake zina kalsiamu, antimoni, arseniki, na ule uchafu wake ukipata unyevu unatoa gesi ya kuua.

Mzee Gobori
Nimekubali. Baba alifariki akiwa na 81 lakini nimekubali.

Fundi Geji
Kitu kingine nimekumbuka, ile ndoo ya tairi, uliichambua? Siku hizi nyingi si ledi. Kuna za chuma zimeandikwa Fe na za zinki zimeandikwa Zn. Koleo la kukatia: ledi inakatika kama jibini, zinki koleo linateleza. Ledi ya tairi inayeyuka kabla ya zinki, zinki inataka 419 za sentigredi, kwa hiyo ukishika moto chini kidogo zinki na chuma vinaelea juu pamoja na vibanio unavikwangua. Ukizidisha moto zinki ikaingia, sufuria nzima inakuwa uji wa shayiri, haijazi kalibu.

Kijiti wa Texas
Nilichambua kwa macho tu. Zilizoelea nilitoa. Risasi zinajaa vizuri, kona zote kali, isipokuwa tano sita za mwanzo zina mikunjo kama uso wa bibi.

Fundi Geji
Mikunjo ya mwanzo ni kalibu baridi au ina mafuta. Egemeza kona ya kalibu juu ya ledi dakika moja kabla ya kuanza. Zikianza kuwa na weupe kama baridi ya asubuhi umeipasha mno, pumzisha. Sikiliza na kikonyo, ile ledi inayobaki juu ya bamba la kalibu: ukimimina inabaki inameta kama jicho la samaki, halafu ghafla inafifia. Hapo hesabu mbili tatu ndio ugonge bamba. Ukigonga mapema inachanika kitako, na risasi yenye kitako kibovu haiendi popote unapotaka.

Poda Man
Mnazunguka wote. Dunia imeshahama huko. Poda ya kupakia rangi vyuma, weka kwenye kopo la plastiki na risasi, tikisa, panga, choma kwenye oveni ndogo dakika 20. Inatoka imevaa koti, haigusi mtutu, hakuna nta ya kulainishia, hakuna moshi. Laini au ngumu haijalishi. Mimi zangu ni za rangi ya Yanga.

Dogo Janja Mbagala
Ndio maana hazilengi.

Poda Man
😂😂 Oveni nayo isirudi jikoni, kabla Nesi hajaja.

Mwana Arusha
Kuna sababu hamjaigusa. Baadhi ya rivolva pale mtutu unapofungwa kwenye fremu, uzi wake unaubana mtutu, ndani panakuwa pembamba kidogo. Risasi inaingia pana, inabanwa, inatoka nyembamba, kuanzia hapo gesi inavuja njia nzima. Pitisha kile kipande cha ledi mtutuni taratibu, kikikaza pale kwenye fremu ndio ugonjwa wako. Mimi ilinichukua miaka mitatu kujua, nikiwa nimeshabadilisha ledi mara nne na kugombana na watu kwenye nyuzi kama hii.

Mhehe wa Idaho
Au ledi laini.

Sheikh wa Foleni
Assalaam aleykum. Nguruwe nawaachia wenyewe, lakini dia tunakula. Hapa kuna mtihani. Kwenye hadithi ya Adi bin Hatim, Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mi'radi, ule mti wenye ncha wa kurushia mnyama: ukimchoma kwa ncha, kula, ukimgonga kwa ubapa akafa, usile, huyo ni wa kupigwa. Sasa nyie hapa mnasifia pua BAPA, inagonga, inaponda. Je?

BintiMrima
Sheikh umekuja na swali kubwa kuliko 44 Magnum.

Mtoro wa Muscat
Wanavyuoni wamekhitilafiana. Wa zamani walizungumzia bunduqa, kigoroli cha udongo cha kurusha, kinaponda hakichomi, wakakataa. Ilipokuja bunduki ya baruti wengi wakasema hii inatoboa na kupenya, basi ukipiga bismillah inafaa. Baadhi ya Mahanafi mpaka leo wanashikilia asiliwe ila ukimwahi hai ukamchinja. Kuhusu pua bapa mimi naona kinachoangaliwa ni tundu, na hawa jamaa wanasema inatokea upande wa pili.

Sheikh wa Foleni
Wasema inatoboa. Fundi Geji kasema "inagonga vibaya sana".

Fundi Geji
Sheikh nilikuwa naongea kama mlevi. INATOBOA. Tundu la duara kabisa limekatwa kama kwa patasi.

Mtoro wa Muscat
Tembea na kisu tu sheikh, umalize ubishi.

Kalifonia Baridi
Na nyama yenyewe? North Dakota 2008 walitoa nyama ya dia kwenye maghala ya misaada baada ya kukuta chembe za ledi.

Mzee Gobori
Hizo nyingi zilikuwa za raifo, risasi laini yenye koti la shaba inakwenda kasi inapasuka vipande vipande. Ya bastola nzito ya polepole inabaki nzima, nimeokota moja kwenye udongo nyuma ya mnyama ningeweza kuipiga tena. Hata hivyo kata nyama ya kidonda kwa upana, tupa, mbali na mbwa. Ila akina Mhehe na ledi yao ngumu kama linotaipu waangalie, ile ya mitambo ya zamani ya magazeti, asilimia 12 antimoni, Brinell 22, ikigonga mfupa wa bega inaweza kupasuka kama kigae. Nguruwe dume mzee ana ngao begani, gamba la ngozi ngumu. Mimi ningetaka ya katikati.

Dogo Janja Mbagala
Antimoni ndio ule wanja wa manga si ndio? Kwa hiyo mnawapaka risasi wanja 😂

BintiMrima
Wanasema hivyo lakini wanja mwingi wa dukani ukipimwa unakutwa ni jiwe la ledi, galena. Nesi anaweza kukuambia watoto wangapi wamekutwa na ledi kwa kupakwa wanja.

Nesi wa Zamu
Wapo. Tena wengi wa kwetu.

Kijiti wa Texas
Wakuu nimerudi, imepita wiki tatu. Nimeazima maikromita kazini. Koo nne zimesoma 0.4315, mbili 0.431. Risasi zinatoka kwenye kalibu 0.431 kasoro kidogo, halafu mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nazipitisha kwenye kitobo cha kusawazishia upana cha 0.429 kwa sababu kwenye boksi waliandika 44. Nikanunua kitobo cha 0.431. Halafu jumamosi nikapaka poda ya Poda Man, nyekundu. Nimepiga 60, mtutu umetoka na mkwaruzo kidogo tu pale mwanzoni kwenye fremu. Shabaha yadi 40 inakaa kwenye sahani ya chai.

Fundi Geji
Nilisema nini?

Poda Man
Karibu kwenye chama.

Mwana Arusha
"Pale mwanzoni kwenye fremu." Someni hapo tena. Ni uzi unabana.

Mhehe wa Idaho
Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo kwa hiyo hujathibitisha chochote. Na hukujibu, ulizidondosha kwenye maji?

Kijiti wa Texas
Nilidondosha nusu. Nimezichanganya kwenye kopo moja sijui zipi ni zipi.

Mhehe wa Idaho
Mungu wangu.

Kijiti wa Texas
Haya, kalibu. Nimeagiza SWC ya Keith, ya chuma, vishimo viwili, wanasema chuma kinachelewa kupata moto lakini kikipata kinatulia, nitaipaka mafuta isishike kutu. Ile ya Lee ya aluminiamu nani anaitaka? Nitatuma bure mtu alipe posta.

BintiMrima
Kijiti hiyo ya aluminiamu inaweza kuchongwa ikawa ya chubwi? Mjomba bado anamiminia kwenye tundu la mchanga, kila moja inatoka na umbo lake, na samaki wa Tanga siku hizi wanachagua.

Fundi Geji
Nipe vipimo vya chubwi. Pana ngapi, ndefu ngapi, na tundu la mshipi likae wapi.

BintiMrima
Ngoja nimpigie.